Jua Nililomwandikia Kaka

Mwamgongo,
4 Juni 2023

Kwako Kasuku,

Marahaba hata kabla hujaniamkia. Barua hii anakuletea Telesphory wa boti la abiria. Mpe asante, usimkimbie kama ulivyofanya mwezi wa tatu. Ningepiga simu, lakini najua simu ya matroni wenu ni ya misiba, na mimi bado sijafa.

Nimerudi kutoka Mwanza. Wameniingiza kwenye mashine inayopiga kelele kama injini iliyokosa oili, wakanipiga picha ya ubongo na uti wa mgongo. Daktari wangu anaitwa Leodgar, kijana mpole. Alinieleza kwa muda mrefu, mimi nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Nilipotoka nje nikakuta sikubaki na kitu zaidi ya jina: multipo sklerosisi. Ugonjwa huo ndio ulionitia ukungu kwenye jicho la kushoto mwaka jana, na ndio unaoufanya mguu wangu ufe ganzi. Walinitundikia dawa ya kutuliza uvimbe kwenye mishipa, nikapata nafuu. Natakiwa kurudi Oktoba; namba ya daktari iliyo kwenye kadi yangu ya kliniki nimekunakilia nyuma ya karatasi hii.

Sasa kila mtu anauliza umetoka wapi. Mama mkwe anasema nimetupiwa na watu wenye wivu. Dismasi, mvuvi mwenzangu, anasema nilikojoa mahali pabaya ziwani. Mzee Yakobo, mwenye boti, kila ninapopanda ananiangalia miguu badala ya uso. Hapo ndipo ninapoogopa, mdogo wangu. Tangu niache shule nimevua dagaa na Mzee Yakobo, na kazi nyingine siijui. Nikipoteza nafasi yangu kwenye boti lile, sijui nitakuwa nani.

Wewe ndiye msomaji wa ukoo. Tafuta ugonjwa huu unatoka wapi, nijue niache kitu gani.

Kaka yako,
Faustini


Kigoma Mjini,
11 Juni 2023

Kaka yangu mpendwa Faustini,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kidato cha Nne hatukwenda likizo, tumebaki kambini kujiandaa na mtihani. Mpe salamu wifi Eufrasia.

Barua yako niliisoma chooni kwa sababu sikutaka kulia mbele ya wenzangu. Kisha nilitaka kumuuliza Mwalimu Adolf wa Baiolojia. Nilisimama nje ya ofisi ya walimu mara kadhaa, miguu ikanirudisha bwenini. Mwishoni niliandika swali kwenye karatasi nikaliweka mezani kwake alipokuwa amekwenda kunywa chai. Jana aliniita akaniruhusu kutumia kompyuta yake mchana kutwa.

Nilichoelewa ni hiki. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme, ina ganda lake la nje. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili wako mwenyewe inakosea adui, inalichuna lile ganda. Umeme unapotea njiani. Ndiyo maana mguu hausikii, ingawa mguu wenyewe hauna kosa.

Nisichoelewa ni unakotoka. Nilidhani nitakuta sababu moja. Nimekuta nyingi, na kila moja inasema "huenda". Wanataja kirusi cha homa inayovimbisha tezi za shingo wakati wa ujana. Halafu ukurasa uleule unasema karibu kila mtu duniani hupata kirusi hicho, na wengi hawaumwi chochote. Wanataja kurithi kidogo kutoka kwa wazazi. Wanataja unene wa utotoni, na hapo nilikukumbuka wewe nikacheka, samahani. Wanataja sigara. Wanataja kukosa jua.

Naomba unijibu haya, na unisamehe kwa kukuuliza kaka yangu kama askari. Uliwahi kuvimba shingo ukiwa kijana? Unalala saa ngapi, na mchana unapigwa na jua? Unavuta sigara? Hilo la mwisho naona haya hata kuliandika. Nijibu ukweli, kwa sababu nitalifuata jibu lako.

Mdogo wako, Kasuku,
Elida


Mwamgongo,
3 Julai 2023

Kasuku,

Marahaba. Ni mbalamwezi, dagaa hawaifuati taa, maboti yote yako nchi kavu na sisi tunashona nyavu na kusengenyana. Nina muda wa kukujibu.

Shingo: ndiyo. Wewe ulikuwa mdogo. Nilivimba mpaka nikafanana na chura, mama akanikanda kwa maji ya moto na mawese, nikalala mwezi mzima.

Jua: hapo umenishangaza. Tunatoka na taa jua likizama, tunarudi alfajiri, nakula ugali naingia ndani. Naamka wakati dagaa wanaanuliwa. Ni kweli, jua la mchana nalisikia tu likigonga bati.

Sigara: sivuti. Unanijua.

Haya, mganga wangu, piga ramli.

Faustini


Kigoma Mjini,
9 Julai 2023

Kaka yangu Faustini,

Shikamoo. Nadhani nimeipata. Naandika haraka, usishangae mwandiko.

Ni jua. Wanaoumwa sana ugonjwa huu ni watu wa nchi za baridi, ambako jua ni haba. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na wenye upungufu wake wanaonekana kuugua zaidi. Hilo lilinichanganya kwanza, kwa sababu mtu wa Kigoma atakosaje jua? Hapa jua tunagawiwa bila foleni. Nilizunguka nalo kichwani siku nzima. Halafu barua yako ikafika. Kaka, wewe umeishi kama mtu wa nchi ya baridi! Umekaa miaka yote hiyo chini ya bati na chini ya nyota. Sigara huvuti, mnene hujawahi kuwa, kirusi kilishapita zamani. Kimebaki kitu kimoja tu.

Nilimweleza Mwalimu Adolf. Akaniambia, "Elida, jogoo huwika alfajiri, lakini si jogoo analeta alfajiri. Vitu viwili kwenda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kinazaa kingine." Nilimwambia ndiyo mwalimu. Ila yeye hajui unavyoishi, mimi najua.

Nakuomba jambo kubwa. Acha kuvua usiku. Fanya kazi ya mchana, hata kuanika dagaa na wifi. Vua shati, jua likupige mgongoni, hasa saa sita mchana, maana wanasema hapo ndipo ngozi hufanya kazi zaidi. Najua unavyolipenda boti. Lakini nafasi ya boti inapatikana tena, macho hayapatikani. Niamini.

Elida


Mwamgongo,
20 Julai 2023

Kwa Daktari Kasuku,

Nimefanya ulivyosema. Nilimwendea Mzee Yakobo nikamwambia ninatoka. Aliuliza, "Umepata boti gani?" Nikamwambia sijapata boti, nimepata jua. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa samaki wameomba nauli. Kesho yake nafasi yangu akapewa Dismasi. Sikulala vizuri, lakini kulala usiku kwenyewe sijazoea.

Sasa niko kwenye chanja za kuanikia dagaa pamoja na wanawake. Wananichambua kuliko dagaa. Mmoja jana kaniita, "Shemeji Faustini, hebu geuza na upande huu, au mpaka tukuwashie taa?" Mwingine akasema Eufrasia ameolewa na wifi yake. Nacheka nao, nifanyeje. Shati nimevua. Nimekuwa mweusi mpaka Eufrasia anasema akinipoteza jioni hatanitafuta.

Nikimaliza kugeuza nakaa juu ya mchanga mpaka adhuhuri ipite. Kama jua ni dawa, mimi nanywa chupa nzima. Mguu bado, ila najua dawa haifanyi kazi siku moja.

Soma mtihani wako.

Faustini


Mwamgongo,
12 Agosti 2023

Mpendwa Elida,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Huku sote hatujambo. Mimi naendelea vizuri na afya yangu inazidi kuimarika. Usiwe na wasiwasi wowote. Zingatia masomo yako kwa kuwa elimu ndiyo ufunguo wa maisha.

Ni mimi kaka yako,
Faustini


Kigoma Mjini,
16 Agosti 2023

Kaka Faustini,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara nyingi na kila nikiisoma nazidi kutoielewa.

Hujawahi kuniita "Mpendwa Elida" tangu nizaliwe. Hujawahi kusema elimu ni ufunguo wa maisha, uliwahi kusema elimu ni ugonjwa wa mgongo. Na herufi zimelala upande wa kulia. Zako husimama kama nguzo za chanja. Mwandiko huu naufahamu, ulikuwa kwenye kadi ya harusi yenu.

Kama ni wewe, wifi Eufrasia, naomba unieleze. Telesphory nilimuuliza, nilijikaza nikamuuliza mwenyewe, akasema, "Kaka yako yupo yupo," kisha akajifanya anafunga kamba. Yupo yupo maana yake nini? Simu ya matroni haijalia, kwa hiyo najua yuko hai. Mengine yote sijui. Ninakaa darasani naangalia ubao na siuoni.

Elida


Mwamgongo,
20 Agosti 2023

Wifi yangu Elida,

Ndiyo, niliandika mimi. Aliniambia, "Andika niko vizuri, mtoto ana mtihani." Alitaka kuandika mwenyewe akashindwa kuuona mstari. Leo naandika bila yeye kujua.

Kaka yako jua limemshinda. Asubuhi anatoka mzima, akisimama kwenye chanja nusu saa macho yanaingia ukungu, miguu inakuwa ya mlevi. Ameanguka juu ya dagaa wa watu, wanawake wale waliokuwa wanamtania sasa wanamnyamazia. Jioni ikiingia anaona tena, anatembea tena. Mimi nikamwambia, mume wangu, hili jua linakuua. Akasema, "Dawa kali lazima ipigane na ugonjwa. Elida kasoma." Akaongeza muda.

Juma lililopita alianguka asiinuke. Hakuwa anaona kabisa. Alikuwa amejaa mchanga na magamba, wavuvi wakambeba wakamwingiza ziwani kumsafisha. Wifi, sijui nikuelezeje. Alikaa majini shingoni kwa muda, tukiwa tunalia, mara akasema, "Eufrasia, mbona umevaa kitenge changu?" Akasimama. Akatoka kwa miguu yake.

Sasa kijiji kizima kimechanganyikiwa. Mama yangu anasema ziwa limemrudisha, kwa hiyo ziwa ndilo lilimchukua, apelekewe kuku. Mwingine anasema ni jini la taa. Wenzake wa boti hawataki hata kukaa naye gogo moja. Na yeye jana alitaka kurudi tena juani.

Kuna jambo jingine. Umemwandikia kwamba havuti sigara. Alikudanganya. Mimi nilikuwa nimekaa hapo akiandika neno "sivuti" huku sigara iko mdomoni, nikacheka mpaka akanifukuza. Kule kwenye boti wote wanavuta ili wasisinzie, na yeye ndiye bingwa wao. Sikujua kama lilikuwa swali la maana.

Nisaidie, wifi. Nimzuie au nimwache?

Eufrasia


Kigoma Mjini,
27 Agosti 2023

Kaka Faustini,

Shikamoo. Usiende juani. Naandika hilo kwanza ili hata barua ikilowa liwe limesomeka. Usiende juani saa za joto. Wifi, mzuie, mfiche shati, mfunge mlango.

Nilimpelekea Mwalimu Adolf barua ya wifi mkononi, sikuiacha mezani. Alimpigia Daktari Leodgar kwa namba iliyo kwenye kadi yako ya kliniki, uliyoninakilia mwezi wa sita, akaweka sauti ya juu nami nisikie. Daktari alisema joto la mwili likipanda, nyaya zilizochunika zinashindwa kupitisha umeme. Mtu anaona ukungu, miguu inagoma. Akipoa, umeme unapita tena. Ziwa halikukuponya, lilikupoza tu. Kuku abaki bandani. Alisema pia kwamba joto lenyewe huwa haliongezi ugonjwa, ila mtu anaweza kuanguka vibaya. Anataka uende Mwanza mwezi ujao, usingoje Oktoba, kwa sababu kuna dawa ya muda mrefu anataka kukuanzishia.

Nikamuuliza, kwa hiyo lile la jua ni uongo? Akasema si uongo. Waliochunguza wameona hivyo kwa watu wengi. Lakini kinachoonekana kwa watu wengi hakimwambii mtu mmoja kwa nini ni yeye, na kupungukiwa jua miaka mingi iliyopita hakulipwi kwa kujianika leo. Kama vitamini imepungua watapima damu, watakupa vidonge, utavimeza kivulini. Akauliza, "Anavuta?" Mwalimu akanitazama. Nikasema anavuta. Daktari akasema sigara imo katika machache ambayo mgonjwa ana uwezo nayo, na kwamba huufanya ugonjwa uzidi haraka. Aache leo.

Nilikuuliza, kaka. Nilikwambia nitalifuata jibu lako. Ungesema ndiyo nisingekutoa kwenye boti, au pengine ningekutoa, sijui tena. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Wewe ulificha kitu kimoja, mimi nikasoma nusu ya ukurasa, na Mzee Yakobo ametoa nafasi yako.

Elida


Mwamgongo,
1 Septemba 2023

Kasuku,

Leo naandika mwenyewe, asubuhi, kivulini, herufi kubwa kama za chekechea.

Kuhusu sigara. Baba alipofariki uliniambia, ukiwa na miaka saba, kwamba sasa mimi ndiye baba. Baba gani anamwambia mtoto wake wa kike navuta? Mkubwa akiulizwa jambo la aibu na mdogo wake anajibu anavyopaswa kuwa. Sikujua kama unapika dawa kwa jibu langu. Nilidhani unajaza fomu.

Nimeacha. Ni siku chache, na Eufrasia anasema bora ugonjwa kuliko hasira zangu. Ila nimeacha.

Sasa nisikilize. Nimemwendea Mzee Yakobo nimwombe nirudi. Usiku kuna baridi ziwani, na mimi baridi ndiyo inanifaa, hata wewe umeona. Amesema kwa upande wake hana neno, lakini unaijua desturi ya boti letu: mtu akibebwa ufukweni mbele ya watu, harudi botini mpaka mtu wa kwao aseme mbele ya wenzake wote anaumwa nini na umetoka wapi. Majini ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Eufrasia wamemkataa, wanasema mke atatetea tu chungu chake. Mama mkwe nimemkataa mimi. Dismasi akasema, "Aseme yule aliyemtoa." Wote wakaitikia.

Kwa hiyo ni wewe. Mtihani haukuruhusu kuja, wamekubali uandike, barua isomwe kabla giza la mwezi huu, yaani siku za kuvua, halijaanza. Najua hata kusimama darasani kujibu swali unaona afadhali ufe. Lakini Kasuku, wanataka sababu. Wape yoyote. Wape kirusi, wape uzazi, nitaitikia. Ukiwaambia huijui, watasema ni uchawi, na mimi nitabaki kugeuza dagaa mpaka nife.

Faustini


Kigoma Mjini,
4 Septemba 2023

Kwa Mzee Yakobo na wavuvi wote wa boti lake,

Shikamooni baba zangu na kaka zangu. Mimi ni Elida, mdogo wake Faustini. Hamnijui vizuri kwa sababu huwa napita nyuma ya nyumba.

Mmetaka kujua kaka anaumwa nini. Anaumwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Mwili wake unajishambulia wenyewe. Hauambukizi. Mkila naye sahani moja, mkilala naye ubao mmoja, mkivaa koti lake, hamtaupata.

Mmetaka kujua umetoka wapi. Niliandika hapa sababu moja nzuri, nikaikata. Nikaandika nyingine, nikaikata pia. Mwezi wa saba nilimpa kaka sababu moja nikiwa na uhakika kabisa, na ninyi ndio mliombeba. Kwa hiyo nawaambia ninachoweza kusimama nacho: sijui. Daktari naye hajui kwa kaka hasa umetoka wapi. Wanajua vitu vingi vinavyoweza kusukuma mlango huo, kirusi cha ujanani, damu ya ukoo, moshi wa sigara, upungufu wa jua. Hawajui ni mkono upi uliufungua kwa mtu huyu. Wapo watu wa mbali sana, wasiojua hata jina la ziwa letu, wanaougua hivihivi. Huyo mchawi angekuwa na nauli ya kuzunguka dunia nzima.

Ila yapo ninayoyajua. Joto linamzima na ubaridi unamrudisha. Usiku ziwani yuko salama kuliko mchana kwenye chanja, lakini hayuko salama kama ninyi. Mguu unaweza kumwacha bila kuaga. Asisimame ukingoni kuvuta wavu. Avae jaketi la kuokolea, hata akikataa, hata mkimcheka. Akisema amechoka, amechoka, si uvivu. Na tafadhali msimpe sigara, wala msivutie karibu naye. Akiwaomba kwa jina langu, mjue anadanganya.

Kama mtaona ni hatari kumchukua, nitaelewa. Mimi mwenyewe sijui kama ningemchukua. Lakini mkimkataa, mkataeni kwa ajili ya miguu yake. Msimkatae kwa ajili ya uchawi.

Ni mimi,
Elida


Mwamgongo,
10 Septemba 2023

Kasuku,

Ilisomwa juzi jioni, boti likiwa bado mchangani. Aliisoma Dismasi, maana ndiye mwenye sauti. Alipofika kwenye "sijui" akasimama, akageuza karatasi nyuma kutafuta kama kuna jibu. Nikasema moyoni, mdogo wangu amenizamisha. Wakaanza kelele. Mmoja akasema, "Kwa hiyo miaka yote ile shuleni ni kujifunza kutojua?" Mwingine akamjibu kwamba yeye hajui bila hata ya kwenda shule. Wakacheka, wakabishana, mmoja akashuka akaenda zake, na hajarudi. Mzee Yakobo aliuliza jambo moja tu: jaketi linapatikana wapi.

Amenichukua kwa giza hili moja. Dismasi anabaki kwenye wavu, mimi nakaa katikati kuangalia taa na betri. Mbalamwezi ikija ataamua tena. Mwanza nakwenda wakati huo, nauli ya boti na basi tumeipata.

Jana usiku nilitoka nao. Nilivaa lile jaketi la rangi ya chungwa, nikajiandaa kwa matusi. Nilipotaka kupanda mguu wa kushoto ukakataa kunyanyuka. Dismasi akaingia majini mpaka kiunoni, akanishika chini ya kwapa akanipandisha kama anavyopandishwa mzee. Hakucheka, Elida. Dismasi, anayecheka hata msibani, hakucheka, na wengine wote walitazama pembeni.

Tulivua vizuri. Macho yalikuwa yangu mpaka alfajiri, taa niliziona zote. Bado sijui nifurahi au nifanye nini.

Kaka yako,
Faustini